Dume akibadili wimbo, nani atamwitikia? Kupandana kwa wadudu na kuzaliwa kwa spishi mpya

Papasi Ndefu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, asiye na nafasi sasa hivi aupitie jioni.

Wengi tumefundishwa kwamba spishi mpya huzaliwa kwa kutenganishwa. Mto unabadili njia, bahari inaingia katikati, kundi moja linakuwa mawili, kila upande unabadilika kivyake, na vizazi vya baadaye vikikutana tena havizaliani. Sina ugomvi na maelezo hayo, wadudu wengi wamepita njia hiyo. Ila yananiachia shimo. Tangu Dobzhansky (1937) na Mayr (1942), wanabiolojia wengi wanaichukulia spishi kuwa kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao. Kama ni hivyo, mto ni chanzo tu cha kutengana. Mpaka wenyewe uko pale jike anapogeuka na kumwacha dume akipiga mabawa peke yake.

Na kukataana huko mara nyingi kunatangulia. Mwaka 1989 Jerry Coyne na Allen Orr walikusanya matokeo ya majaribio ya jozi 119 za spishi za Drosophila, wale nzi wadogo wa matunda. Kwa jozi zinazoishi maeneo tofauti, kukataana wakati wa uchumba na ubovu wa chotara (kufa mapema au kuwa tasa) vinakua kwa mwendo unaokaribiana. Kwa jozi zinazoishi pamoja, kukataana kunajitokeza mapema mno, wakati chotara bado angeweza kuishi na kuzaa bila shida.

Sasa kitendawili chenyewe. Chukua nyenje. Dume anasugua mabawa na kutoa mlio, jike anatembea kuufuata mlio anaoupenda. Tuseme anazaliwa dume mwenye wimbo wa haraka kuliko wenzake. Majike wote wanapenda wa taratibu, kwa hiyo ataimba weee mpaka afe na hapati kitu. Tuseme tena anazaliwa jike anayependa wimbo wa haraka. Madume wa namna hiyo hawapo, naye anaambulia patupu. Ukifuata hesabu hii, upendeleo wa kupandana unapaswa kuwa breki, kila anayekuja na kitu kipya anakatwa.

Halafu unafika Hawaii unakuta breki hazishiki. Visiwa hivyo vina nyenje wadogo wasioruka wa jenasi ya Laupala, spishi 38. Wanafanana umbo, wanafanana chakula, wanaishi misituni namna moja. Kinachowatofautisha waziwazi ni kasi ya wimbo wa dume: Laupala paranigra anapiga kama pigo 0.7 kwa sekunde, Laupala kohalensis kama 3.7. Mwaka 2005 Tamra Mendelson na Kerry Shaw walikadiria kwamba kundi mojawapo la nyenje hawa limetoa spishi mpya kwa kasi ya 4.2 kwa kila miaka milioni moja. Kwa wadudu na jamaa zao wote, hakukuwa na kasi kubwa kuliko hiyo iliyowahi kurekodiwa.

Kwa hiyo nauliza: nani alianza kubadilika, dume au jike? Karibuni.

Jongoo Mvivu

Nimevuta kiti. Swali la mtu wa dawati la nyuma: si bahati tu? Dume wa haraka na jike wa haraka wakazaliwa msimu mmoja, wakakutana, biashara ikaisha?

Mzee wa Darubini

Bahati ya hivyo mara moja, sawa. Mara 38, hapana.

Mleta mada, swali lako ni zuri ila umeliweka kwa namna inayolifanya gumu kuliko lilivyo. Umemfanya jike awe na jibu la ndiyo au hapana tu. Tazama wanavyompima. Jike anawekwa katikati ya uwanja mdogo, spika mbili ziko pande zinazotazamana, kila moja inapiga wimbo uliotengenezwa kwa kompyuta. Sauti ni ileile, ukubwa uleule, tofauti ni kasi ya mapigo tu. Jike anatulia, papasi zake za kichwani zinacheza, kisha anaanza kutembea kuelekea spika mojawapo. Ukirudia na majike wengi kwa kasi mbalimbali unapata mchoro wenye umbo la kilima. Kileleni ipo kasi inayopendwa kuliko zote, na pande zote mbili kuna mteremko.

Dume aliyezidi kidogo yuko mteremkoni, karibu kabisa na kilele. Anapata wachumba wachache kuliko wenzake, lakini anapata. Atakayekosa kabisa ni yule aliyeruka mbali kwa mara moja, na kwa Laupala huyo hatokei hivihivi, kwa sababu kasi ya wimbo wao inasukumwa na jeni nyingi, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo.

Kuna la pili, na hili ndilo tamu. Mwaka 2009 Shaw na mwenzake walionyesha, kwa kuzalisha chotara wa spishi hizo mbili ulizozitaja, kwamba kipande cha kromosomu kinachobadili kasi ya wimbo wa madume ndicho hichohicho kinachosogeza upendeleo wa majike. Inaweza kuwa jeni moja yenye kazi mbili, au jeni mbili zilizobanana kiasi cha kurithiwa pamoja. Vyovyote iwavyo, dume mwenye wimbo uliosogea anazaa mabinti wenye masikio yaliyosogea upande uleule. Swali la nani alianza linakufa lenyewe.

Papasi Ndefu

Mzee, hapo umeshusha kitu kizito. Ila jeni kubanana namna hiyo naona kama ni zawadi ya bure. Tukiwategemea Laupala peke yao tutajikuta tunaeleza spishi zote duniani kwa bahati ya ramani ya kromosomu.

Binti Nondo

Ndiyo maana nimeingia. Shikamoo Mzee, naomba nikupinge kidogo.

Nenda kwa yule nondo ambaye kiwavi wake anatoboa mabua ya mahindi, Ostrinia nubilalis wa Ulaya, ambaye alisafirishwa hadi Marekani. Kwa nondo kibao kimegeuka, anayeita ni jike. Usiku anatulia, anachomoza tezi kwenye ncha ya tumbo na kuachia harufu. Harufu yenyewe ni mchanganyiko wa kemikali mbili zenye atomi zilezile kwa idadi ileile. Kinachotofautiana ni upande ambao mnyororo wa kaboni umekunjiwa penye kiungo kimoja. Zinaitwa Z na E. Kuna jamii ya nondo hawa ambao majike wanatoa Z 97 kwa E 3, na jamii nyingine wanatoa Z 1 kwa E 99. Wanaweza kuruka shamba moja usiku mmoja, na dume wa jamii moja anapita karibu na jike wa jamii nyingine kama hakuna kitu.

Sasa jeni zake. Ile inayoamua mchanganyiko wa jike ilitambuliwa 2010, inatengeneza kimeng'enya ndani ya tezi. Ile inayoamua dume avutwe na nini ilitambuliwa 2021, na iko kwenye kromosomu ya jinsia, mbali kabisa na ile ya kwanza. Hazirithiwi pamoja. Hakuna zawadi ya bure hapa, na bado jamii mbili zimetengana.

Ilianzaje? Kidokezo kilipatikana 2002, kundi la Wendell Roelofs lilipokuwa likichunguza nondo huyu na ndugu yake wa Asia, Ostrinia furnacalis. Walipata madume wachache wa Ulaya, asilimia chache tu, waliokuwa wanaruka kuifuata harufu ya majike wa Asia pamoja na ya kwao. Pua zao ni pana. Kwa hiyo jike akizaliwa na harufu ngeni, ghafla kabisa, haendi kufa mpweke. Wapo madume wachache watakaomfikia, watoto wao wanarithi harufu ya mama na pua ya baba, na mpasuko umeanza.

Zingatia nani anabanwa hapa. Jike ana mayai, ni mali adimu, na madume wanaomtafuta ni wengi. Jike mwenye harufu isiyo ya kawaida hasara yake ni ndogo kuliko ya dume anayekataa kumfuata. Kwa nondo, Mleta mada, jibu la swali lako ni jike.

Mzee wa Darubini

Marahaba binti. Nimekubali kwa nondo. Nyenje wangu uniachie.

Swali Moja

Mimi nina moja tu. Hao nondo wa Z na E, ukiwafungia kwenye kizimba kimoja wanazaana au hawazaani? Kama wanazaana, spishi mpya iko wapi?

Papasi Ndefu

Wanazaana, na chotara wao wanazaa pia. Ndiyo maana wameitwa jamii mbili za spishi moja badala ya spishi mbili. Binafsi siumizwi na hilo. Ukitaka kuona kitu kikizaliwa lazima utazame kabla hakijamaliza kuzaliwa, na hapo jina litakusumbua siku zote.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa namna hiyo. Rhagoletis pomonella ni nzi wa Amerika Kaskazini mwenye mabawa yenye mistari myeusi. Asili yake ni kwenye mhothoni, mti mdogo wa miiba wenye matunda madogo mekundu. Jike anatoboa tunda na kutaga, funza anakula ndani, tunda linaanguka, funza anaingia udongoni na kukaa humo kama pupa, hatua ya kabla ya kuwa nzi mzima, majira yote ya baridi.

Mitufaha haikuwepo bara lile. Ilipelekwa na walowezi wa Ulaya katika karne ya 17. Kwa muda mrefu nzi hawa hawakuigusa. Kisha katika miaka ya 1860, bonde la Hudson huko New York, wakulima wakaanza kukuta funza ndani ya matufaha. Mwaka 1867 Benjamin Walsh, mtaalamu wa wadudu, aliandika kwamba huenda tunashuhudia jamii mpya ikitengana na ya zamani kwa sababu ya kuhamia chakula kingine. Watu wengi hawakumsikiliza. Takriban miaka mia moja baadaye Guy Bush akalifufua wazo lake, akapingwa na wakubwa wa fani, Mayr akiwa mmoja wao, kwa sababu hapakuwa na mto wala mlima katikati. Miti yenyewe imesimama jirani.

Kilichofanya iwezekane ni mahali wanapopandia. Dume anatua juu ya tunda na kungoja hapo. Jike anakuja kutaga, dume anamsogelea kutoka nyuma, wanapandana juu ya tunda lenyewe. Basi. Nzi aliyechagua tunda amekwisha kuchagua mwenzi bila kujua. Hakuna wimbo mpya wala harufu mpya ya mwili iliyohitajika, na kitendawili changu cha juu hakina mahali pa kusimama. Jeni ya kupenda harufu ya tufaha ikiwa kwa dume inampeleka kwenye tufaha, ikiwa kwa jike inampeleka hapohapo. Wamechunguzwa pia wakaonekana wanaikwepa harufu ya tunda la wenzao, siyo kutoijali tu.

Ongeza saa. Matufaha huiva wiki tatu hadi nne hivi kabla ya matunda ya mhothoni, na nzi mzima haishi sana zaidi ya mwezi mmoja. Pupa wa tufaha wanapaswa kuamka mapema kuliko wa mhothoni, la sivyo wanakuta matunda yamekwisha. Kwa hiyo hata wale wasiochagua sana hawakutani vizuri. Bado kuna kuchanganyika, makadirio ni kama asilimia 4 hadi 6 kwa kizazi, na bado jeni za pande mbili zinatofautiana kila mwaka mahali palepale.

Na mambo hayaishii kwa nzi. Kuna nyigu mdogo, Diachasma alloeum, anayetaga ndani ya funza hao. Naye huwatafuta na kupandana kwenye matunda. Utafiti wa 2009 ulionyesha kwamba nyigu wa kwenye tufaha na wa kwenye mhothoni wameanza kutengana pia. Mdudu mmoja kahama mti, vimelea wake wakapasuka nyuma yake.

Jongoo Mvivu

Miaka 150 na ushee tu? Nilidhani haya mambo ni ya mamilioni.

Kidari

Jongoo, kuanza hakuchukui muda, kumaliza ndiko kunakochukua.

Naleta vipepeo. Heliconius wa Amerika ya Kati na Kusini wana sumu, na rangi za mabawa yao zinawaambia ndege wasiwaguse. Heliconius melpomene ana nyekundu juu ya nyeusi, Heliconius cydno ana nyeupe au manjano. Mwaka 2001 Chris Jiggins na wenzake walionyesha kwamba madume wanatumia rangi hizohizo kuamua wamfuate nani. Wanaweza kudanganywa hata kwa bawa la karatasi lenye rangi sahihi.

Sasa mfikirie chotara. Rangi zake ni za katikati. Ndege hawamtambui kama mwenye sumu, wanamrukia zaidi. Hilo limepimwa porini kwa kuweka vipepeo bandia. Madume wa spishi zote mbili hawamtamani. Na akiwa jike, ni tasa. Rangi moja inafanya kazi mbili, inamlinda na inamwozesha, kwa hiyo huwezi kubadili moja bila nyingine. Na kama Laupala wa Mzee, jeni ya nyekundu na ile inayohusika na upendeleo wa madume zimekaa karibu kwenye kromosomu moja.

Lakini chotara si lazima awe mwisho wa njia. Mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi wa Heliconius elevatus wa Amazon. Chanzo chake ni kuchanganyika kwa Heliconius pardalinus na melpomene kama miaka 180,000 iliyopita. Karibu vinasaba vyake vyote ni vya pardalinus, vya melpomene ni kama asilimia 1 tu. Ila asilimia hiyo ndiyo yenye mambo: rangi, umbo la bawa, namna ya kuruka, harufu ya uchumba, na upendeleo wa mwenzi. Tangu hapo anaishi katikati ya mzazi mmojawapo bila kumezwa. Yaani amerithi mali kidogo sana, lakini amerithi ile inayohusu ndoa.

Jongoo Mvivu

Samahani kwa swali la chini ya mkanda. Si nilisikia viungo vyenyewe vya uzazi haviingiliani? Kufuli na ufunguo?

Mzee wa Darubini

Swali halali kabisa, na la zamani. Léon Dufour alilileta wazo hilo 1844. Kila spishi ina ufunguo wake, usioingia kwenye kufuli la jirani.

Mfano safi kuliko yote ninaoujua ni mbawakawa wa ardhini wa Japani, Carabus wa kundi la Ohomopterus. Dume ana kipande kigumu kilichopinda kama ndoano kwenye kiungo chake, na jike ana mfuko ndani ya uke unaolingana na umbo la ndoano hiyo. Teiji Sota na Kohei Kubota (1998) walipandisha spishi mbili jirani, maiyasanus na iwawakianus. Wakati wa uchumba hawakataani sana, wanapandana. Kisha ndipo balaa. Ndoano ya dume inavunjika, au utando wa ndani wa jike unachanika, na majike wengi wanakufa. Kwa hao, kufuli ni kufuli kweli.

Ila usilichukue ukalitembeza kila mahali. Kwa wadudu wengi madume wa spishi jirani wanatofautiana sana viungo huku majike wakiwa karibu sawa, kwa hiyo hakuna kufuli linalozuia chochote. Hapo maelezo yanahamia kwenye ushindani. Mwaka 1998 Göran Arnqvist alilinganisha makundi ambayo jike anapandwa mara moja na yale anayopandwa na madume wengi. Maumbo ya viungo yalitofautiana zaidi ya mara mbili kwa hao wa pili. Mwaka 2000 yeye na wenzake wakaja na kubwa zaidi, kwamba kasi ya kuzaliwa spishi kwenye makundi ya jike mwenye madume wengi ni karibu mara nne. Hoja yao ni mvutano: dume anataka kupanda zaidi ya inavyomfaa jike, jike anajenga ukinzani, dume anajenga mbinu, na kila eneo mvutano unaelekea kwake. Wakikutana baadaye, mbinu za huku hazifanyi kazi kule.

Miaka miwili mbele, Matthew Gage na wenzake walitafuta kitu hichohicho kwa vipepeo, buibui na mamalia, hawakukiona. Mimi nakiweka kwenye kapu la "inawezekana kwa baadhi".

Swali Moja

Na yule mbu wa reli za chini ya ardhi London? Si ndiye mfano wa spishi iliyozaliwa ndani ya karne moja na nusu, handaki lilipochimbwa?

Papasi Ndefu

Stori hiyo imesambaa mno. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa 2025 umeonyesha kwamba jamii hiyo, Culex pipiens wa aina ya molestus, ina zaidi ya miaka 1,000, na asili yake ni upande wa Mediterania na Mashariki ya Kati. Mahandaki yalimkuta akiwa tayari.

Lakini usimtupe, maana tabia yake ya kupandana inafundisha. Pipiens wa kawaida anahitaji nafasi wazi, madume wakusanye wingu hewani ndipo majike waingie. Molestus anapandana hata kwenye sehemu finyu. Hiyo tu inatosha kuwafanya wasikutane kwenye harusi moja.

Kwa mbu mfano wangu ni Anopheles, na huu una uzito kwa sababu ya malaria. Kilichoitwa Anopheles gambiae kwa miaka mingi kilikuwa na maumbo mawili, M na S, yasiyotofautishika kwa macho. Mwaka 2013 M likapewa jina lake, Anopheles coluzzii, S likabaki na jina la gambiae. Kizimbani wanapandana na chotara wao ni wazima, wanazaa. Porini Afrika Magharibi, mahali pengi, chotara ni wachache mno.

Siri iko kwenye dakika chache za machweo. Madume wanajikusanya juu ya alama fulani ya ardhini, wanapanda na kushuka hewani. Coluzzii wanapenda mahali penye rangi mbili zinazopingana, kama kiraka cheusi juu ya udongo mweupe; gambiae mara nyingi wanajikusanya juu ya ardhi tupu. Jike anaingia kwenye wingu, anadakwa, wawili wanadondoka wakiwa wameshikana. Wakiwa hewani wanasikilizana pia. Utafiti wa 2010 ulionyesha kwamba dume na jike wa umbo moja wanarekebisha mlio wa mabawa mpaka sauti zao zinaoana, na wakiwa wa maumbo tofauti mara nyingi hawafiki hapo.

Mlango huo haujazibwa. Jeni ya kustahimili viuatilifu iitwayo kdr ilivuka kutoka gambiae kwenda coluzzii kupitia hao chotara wachache. Kwa vyandarua vyenye dawa, hiyo ni habari mbaya iliyoandikwa kwenye uchumba wa mbu.

Msomaji Kimya

Nasoma tangu jana. Mbona hakuna aliyegusa vimulimuli? Madume wa Photinus wanamulika kwa mpangilio wao wakiruka, jike anajibu kutoka chini baada ya muda maalumu. Photinus pyralis anasubiri kama sekunde mbili ndipo ajibu. Akiwahi au akichelewa, dume hashuki. Na majike wa Photuris, vimulimuli wa jenasi nyingine, wameujua mchezo: wanaiga jibu la jike wa Photinus, dume anashuka, analiwa. James Lloyd alieleza hilo kwa kina. Je, adui anayesikiliza uchumba hawezi naye kusukuma spishi mpya?

Papasi Ndefu

Karibu, na umenifungulia mahali nilipotaka kufika. Adui anaweza kubadili wimbo haraka kuliko upendeleo wowote. Huko Hawaii tena, kisiwa cha Kauai, kuna nyenje Teleogryllus oceanicus aliyeingia huko kutoka upande wa Pasifiki. Nzi Ormia ochracea anasikia wimbo wa dume, anatua, anamwekea funza wanaomla kutoka ndani. Marlene Zuk na wenzake waliripoti 2006 kwamba katika vizazi visivyofika 20, zaidi ya asilimia 90 ya madume wa Kauai walikuwa bubu. Mabadiliko ya jeni moja tu yamewafutia vifaa vya kuimbia kwenye bawa.

Kwa hesabu yangu ya kwanza kabisa, hao wangetoweka. Hawakutoweka. Bubu wanakaa karibu na wachache wanaoimba, wanamdaka jike njiani, na majike wa huko hawana masharti makali. Tabia ya kulegeza ilikuwepo kabla. Na pamoja na mabadiliko makubwa hivyo, spishi mpya haikuzaliwa, maana bubu na waimbaji wanachangia majike walewale.

Ndiyo maana nakataa kusema uchumba peke yake unazaa spishi. Unapasua pale unapofungwa na kitu kingine kinachoshikilia mpasuko: tunda, saa ya kuamka, ndege mwenye njaa, chotara asiyefaa.

Kidari

Hicho cha mwisho kina ushahidi wake. Drosophila pseudoobscura na persimilis wakizaliana, chotara wa kiume ni tasa. Mohamed Noor (1995) alilinganisha majike wa pseudoobscura kutoka maeneo yenye persimilis na kutoka maeneo yasiyo nao. Wale wanaoishi na jirani huyo ndio wakali zaidi wa kumkataa. Hasara ya kuzaa tasa imewanoa. Sikada wa Marekani wanaotoka ardhini kila miaka 13 wana jambo linalofanana: Magicicada neotredecim anaimba kwa sauti ya juu zaidi pale anapoishi pamoja na ndugu yake tredecim, na mbali naye sauti inashuka.

Binti Nondo

Mleta mada, hoja yako ya kitu kinachoshikilia ina jaribio la maabara pia. William Rice na George Salt, mwishoni mwa miaka ya 1980, waliweka Drosophila melanogaster kwenye mtandao wa njia. Nzi wakitoka kwenye pupa wanachagua mwanga au giza, juu au chini, harufu hii au ile, na muda wa kutoka unahesabiwa. Waliofika mahali pawili palipotofautiana kabisa kwa hali hizo ndio walioruhusiwa kuzaa, na walipandana hukohuko walikofika. Baada ya makumi ya vizazi makundi mawili yalikuwa hayachanganyiki tena. Hakuna aliyewachagulia mwenzi. Walichaguliwa mahali tu.

Na Diane Dodd (1989) aligawa pseudoobscura, wengine akawalisha wanga, wengine sukari ya maltosi. Baadaye wa wanga walipendelea wa wanga, hata wa chupa nyingine ambao hawakuwahi kuonana nao.

Mzee wa Darubini

Yote sawa, lakini Laupala hawana tufaha wala maltosi, na hakuna ndege anayewaokotea chotara kwa rangi. Mkisema lazima kuwe na kitu kinachoshikilia, kwao kitakuwa ni visiwa na volkano, yaani yale maelezo ya mto na mlima ambayo uzi huu ulianza kwa kuyasogeza pembeni. Walianza visiwa vya zamani upande wa Kauai, wakahamia vipya kadiri vilivyoibuka, na kila hamahama ilianza na nyenje wachache. Kisiwa kikubwa kuliko vyote, kinachoitwa Hawaii, kina umri wa kama nusu milioni ya miaka, na ndiko ile kasi ya 4.2 ilikopimwa. Kisha wanakutana tena: sehemu nyingine unakuta spishi hadi nne msitu mmoja, na zinazoishi pamoja hivyo kasi za nyimbo zao zimeachana vizuri. Mlima uliwatenga kwanza, sikio la jike likawazuia wasirudiane. Ukiondoa kimojawapo huzipati 38.

Jongoo Mvivu

Kwa hiyo dume au jike?

Mzee wa Darubini

Kwa nondo jike, kwa nzi wa tufaha tunda, kwa nyenje wote wawili kwa mpigo. Sogea mbele darasani.